Kiti cha Polikarpi

Nyaishozi, Jumatatu, 29 Septemba 1997

Gari limerudi leo kutoka Omurushaka likiwa na kiti kipya cha dereva. Nililisikia likipanda kilima kabla sijaliona. Niliacha kalamu mezani nikaenda kusimama nyuma ya kabati la mafaili mpaka injini ilipozimwa. Ni gari lile lile la buluu ambalo marafiki wa Ujerumani waliuletea mradi wetu wa visima mwaka jana. Vioo wameweka vingine, damu wameosha. Kiti alichofia Polikarpi, dereva wetu, hakimo.

Gaudiosus, dereva mpya, alinikuta pale nyuma ya kabati.

"Dada Renatha, unawinda panya?"

Nikasema natafuta faili.

"Njoo basi uone kiti. Cha dukani, kimetoka Kampala. Waziri mwenyewe angekionea wivu."

Sikwenda. Jioni nilimsikia akimwambia Mratibu, Mzee Anastazi, kwamba kuna taa moja nyekundu mbele ya usukani haitaki kuzimika tangu kiti kifungwe.

"Gari linatembea?"

"Linatembea, mzee."

"Basi iache taa na kazi yake."

Mvua imeanza usiku huu. Naisikia kwenye mabati.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua. Ndizi kwa maharage. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo nimekwenda kuiona taa, kwa sababu niliona ni afadhali kuiona kuliko kuifikiria. Nilisimama nje ya gari, Gaudiosus akageuza ufunguo.

Ni mtu. Sikuwa nimesahau, ila nilitumaini nimesahau. Ni mtu mdogo mwekundu aliyeketi, ameonyeshwa kwa ubavu, na mbele ya kifua chake kuna duara kubwa kama amepakata mpira. Taa hii ilikuwapo tangu zamani. Gari likiwashwa ilikuwa inawaka kitambo kidogo kisha inazimika yenyewe. Polikarpi hakuondoa gari kabla haijazimika. Alikuwa akiketi na mikono mapajani na kusema, "Tumwache mzee ashuke kwanza." Nilikuwa nacheka kila safari.

Sasa mzee hashuki. Gaudiosus alizima, akawasha, akazima, akawasha. Kila mara yule mtu anakaa pale pale.

Habari za siku ile sijaziandika na sitaziandika zote. Tulikuwa tunatoka Kyerwa, mimi nimeketi kushoto kwake. Majambazi walitoka porini. Risasi ziliingia kwa dirisha lake. Hakusimama. Aliendesha mpaka tulipotoka msituni, hakuniambia kitu ila, "Inama, mwanangu, inama," na mimi nimeinama nimeshika ubavu wa kiti chake kwa mikono miwili. Karibu na uso wangu, kwenye mshono wa kiti, palikuwa na kitambaa kidogo chenye herufi za Kizungu. Nilikitazama hicho tu njia nzima. Sikuzisoma zile herufi, nilizishikilia kama mtu anavyoshikilia sala. Palipotokea nyumba za kwanza akaegesha gari vizuri kando ya barabara, akavuta breki ya mkono, akafa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Gaudiosus amemaliza juma zima na ile taa. Fundi wa Omurushaka alimwambia achomoe waya wa betri na kuuacha mpaka kesho yake. Akafanya. Taa ikarudi. Akaambiwa asafishe plagi zilizo chini ya kiti kwa spiriti. Akalala chali matopeni, miguu nje, akisugua na kuimba nyimbo za kwaya. Taa ikarudi. Leo ameibandika plasta ya kidonda.

"Ameumia, tumemfunga," alisema, akacheka peke yake.

Ulipoingia ukungu wa jioni nikaona mwanga wake ukipenya kwenye plasta.

Jumatano, 15 Oktoba

Mzee Anastazi ameniita. Kuanzia mwezi ujao nitazunguka tena na gari kuandika habari za visima. Nilisema ndiyo, mzee. Akaona nimegeuka nisilitazame gari dirishani, akasema kwa upole kwamba asiyeweza kupanda gari hawezi kuwa karani wa mradi huu, na kwamba anasema hivyo kama baba. Nina mama na wadogo zangu wanaokula kwa kazi hii.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Barabara ya Omurushaka imekatika mara moja, ikatengenezwa, ikakatika tena. Redioni wanaita mvua hii El Nino.

Jumapili, 26 Oktoba

Kina mama wa kisima cha bondeni wamekataa lifti ya Gaudiosus. Walitoka kanisani, mvua inanyesha, watoto mgongoni, na bado walikataa. Mmoja alichungulia ndani, akaiona plasta inang'aa, akasema, "Waitu, jamani, nyinyi mmempakia nani huyo?" Wakaenda kwa miguu.

Gaudiosus hakutania. Aliniambia tu, "Wanasema Polikarpi bado anadai kiti chake."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi namsalimia asubuhi. Salamu haina hasara."

Jumatatu, 3 Novemba

Kila asubuhi mimi ndiye ninayeita Mwanza kwa redio ya upepo. Leo Mzee Anastazi amenitaka nimwombe fundi mkuu wa karakana ya kule, anaitwa Melkiory, atusaidie kuhusu taa. Sijawahi kumwona. Ni sauti nzito inayokuja na kwenda kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Chini ya kiti kuna plagi ya njano," akasema. "Imechomekwa wapi? Ova."

Gaudiosus alikuwa mlangoni, akanijibia. Nikasema: "Inaning'inia. Kiti kipya hakina pa kuichomeka. Ova."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Gari linakitafuta kiti chake, halikipati. Kila likiwaka linauliza kiti kiko wapi, kiti kiko wapi. Na likiwa linauliza hivyo, mifuko ya hewa yote imelala, hata ule wa kwenye usukani. Mkigongana hautafunguka. Kiti cha zamani mnacho? Ova."

Nikasema kiko kwa familia ya marehemu.

"Kileteni. Lakini sikiliza, karani, sikiliza vizuri. Kiti hicho mkikipata msi—"

Radi ikapiga. Baada ya hapo ni mchakacho tu. Niliita mpaka koo likakauka. Mzee Anastazi akasema tumekwisha kuelewa: kiti kirudi. Nitakwenda mimi kukiomba, maana mjane ananipenda.

Msi nini?

Alhamisi, 6 Novemba

Nimetoka Kiruruma, nyumbani kwa kina Polikarpi, nimelowa mpaka mifupa.

Nilikuwapo siku walipokichukua kile kiti. Mzee Ildefonsi, kaka yake Polikarpi, ndiye aliyekidai siku ya mazishi. Hao ni watu ambao baba yao alitoka Rwanda zamani, akalima vibarua mpaka akapata kibanja, shamba lake mwenyewe la migomba. Alisema kwao damu ya mtu aliyeuawa haioshwi ikamwagwa mtaroni kama maji ya vyombo. Ilipoingia, hapo panazikwa. Kikafunguliwa, kikabebwa na wanaume wanne. Katekista alikataa kisiingie kaburini pamoja na jeneza. Basi wakakishusha kwenye shimo la zamani la kuvundikia ndizi za pombe, nyuma ya nyumba, kwa kuwa lilikuwa limechimbwa tayari, wakafukia.

Leo nilimkuta Mzee Ildefonsi mlangoni akichonga mpini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Umekuja na mvua."

Nilieleza nilivyoweza: plagi, taa, gari kutafuta kiti. Nilijisikia mjinga kila neno lilivyotoka. Alichonga mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo ofisi inataka tumfukue ndugu yangu, ili taa izimike."

"Si yeye, mzee. Ni kiti."

"Wewe ulikuwapo. Niambie basi, palipoishia yeye na palipoanzia kiti ni wapi?"

Akaniambia ofisi ina mali nyingi, ijitafutie kiti kingine, na kama ile taa inawatisha wafumbe macho. Wanaume waliokuwa wamejikinga mvua ukumbini walicheka.

Mjane, Anonciata, alinisindikiza na jani la mgomba kichwani. Alinionyesha shimo kwa kidevu. Limepandwa maua ya njano, nalo liko mahali palipoinuka, maji hayatuami.

"Usimchukie shemeji," akasema. "Usiku anakwenda kusimama pale. Anadhani simwoni." Kisha akauliza: "Hiyo taa, ni ya mtu ameketi kweli?"

Nikasema ndiyo.

"Ameketi vizuri? Hakuinama?"

"Ameketi wima."

Akashukuru, kana kwamba nimemletea salamu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepanda gari. Nilikaa nyuma, nikafumba macho mpaka kisima cha kwanza. Mzee Anastazi hajui kama nilifumba macho.

Ijumaa, 14 Novemba

Senene! Wameshuka kama mvua nyingine. Mji mzima uko nje na mifuko. Nimekaanga sufuria, nikampelekea Gaudiosus. Alikula amesimama mbali na gari.

Alhamisi, 20 Novemba

Redio imekufa. Radi ilipiga mlingoti, na fundi wa redio hawezi kufika kwa kuwa barabara haipitiki. Kila asubuhi nawasha, nasikiliza mchakacho, nazima. Nimejaribu kumalizia sentensi ya Melkiory kwa njia zote. Msikilowanishe. Msikikate. Msikikalie. Mtu mzima hasemi "sikiliza vizuri" kwa jambo dogo.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Ukuta wa choo cha ofisi umeanguka.

Jumanne, 2 Desemba

Gaudiosus amekonda. Leo amebandua plasta. Nilimuuliza kwa nini, akasema ukimfunika mtu ndipo unapomfikiria zaidi. Akasema pia, bila utani, kwamba akiwa peke yake barabarani huendesha polepole, kwa sababu anaona kama anamwendesha mgonjwa.

Kwa kweli wote tumeanza kuendesha maisha hivyo hapa ofisini. Mzee Anastazi mwenyewe akiingia garini hukohoa kidogo kwanza, kama mtu anayebisha hodi.

Jumapili, 7 Desemba

Anonciata alikuja baada ya ibada, tope mpaka magotini. Ametembea kutoka Kiruruma. Nilimpa chai, hakuinywa.

Matanga yatamalizwa tarehe ishirini. Rubisi, pombe ya ndizi, inatakiwa, na ndizi lazima zivundikwe mapema. Lakini kila shimo wanalochimba linajaa maji kabla ya jioni. Mashimo ya majirani ni vidimbwi vya vyura. Shimo kavu ni moja tu.

"Shemeji amesema watatoa udongo wa juu tu," akasema. "Kiti kitabaki chini. Watawasha moto wa kupasha shimo juu yake, waweke majani, waweke ndizi. Anasema marehemu atafurahi kuivisha pombe ya matanga yake mwenyewe. Wanaume wote wameona ni maneno mazuri."

"Na wewe?"

"Mimi naona watampika." Alinishika mkono. "Watampika, Renatha. Nimesema nisichokitaka. Nikaambiwa mjane analia, hasemi."

Watawasha Alhamisi. Nilimwambia nitamwombea. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Alipoondoka nikaona chai yake imeganda utando.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimekwisha kuosha tope, sasa naandika.

Fundi wa redio alifika jana kwa pikipiki. Asubuhi hii nikaita Mwanza, na Mwanza ikaitika. Sikuuliza hali ya hewa wala kitu. Nilisema, "Mpeni Melkiory. Melkiory, ulisema kiti tukikipata tusi... tusifanye nini? Ova."

Akakumbuka mara moja. "Msikichome moto! Msikipasue wala msikichome moto. Ubavuni mwa kiti kile kuna mfuko umekunjwa, na nyuma yake kuna kidonge cha baruti cha kuupuliza. Kikipata joto kinalipuka chenyewe, na chuma chake kinaruka kama risasi. Angalieni kwenye mshono, kuna kitambaa kimeandikwa. Kiti kiko wapi? Ova."

Sikumjibu. Nilikwenda garini, kwenye kiti cha kushoto, kile nilichokalia siku ile, ambacho hakikubadilishwa. Ubavuni, kwenye mshono, palikuwa na kitambaa kile kile. Mara hii nilizisoma herufi: AIRBAG, mfuko wa hewa. Miezi yote hii nilidhani ni jina la kiwanda.

Mzee Anastazi alikuwa Bukoba. Nilimwambia Gaudiosus, "Twende Kiruruma."

"Kule gari halifiki, dada. Kuna tope."

"Twende mpaka litakapokwama."

Nilikaa mbele. Sikufikiri kuhusu hilo mpaka tulipokuwa tumekwisha kuondoka. Yule mtu mwekundu alikuwa ameketi mbele yetu na duara lake kifuani, nami kwa mara ya kwanza nilielewa amebeba nini. Si mpira, ni ule mfuko. Wala hakuwa anadai kitu. Tangu Septemba alikuwa anatuambia.

Tulikwama kabla ya kanisa. Nilivua viatu nikakimbia. Moshi niliuona kwanza juu ya migomba, nikapiga kelele, lakini ulikuwa moshi wa jikoni. Kule nyuma walikuwa wamekusanyika wanaume kama kumi. Maua ya njano yamerundikwa kando. Shimo limeshafunuliwa kiasi, limejazwa majani makavu ya mgomba na magogo, na Mzee Ildefonsi amesimama ukingoni na mwenge wa majani unaowaka mkononi. Aliukinga upepo kwa mwili wake.

"Msiwashe!" nilisema. "Mzee, shikamoo, msiwashe. Kuna baruti."

Wakanitazama. Miguu mitupu, kilemba kimedondoka.

"Baruti ipi?"

"Ndani ya kiti. Fundi wa Mwanza amesema leo. Kuna mfuko wa kumkinga dereva, na baruti ya kuufungua. Ikipata moto inalipuka, inaua."

"Ya kumkinga dereva," Mzee Ildefonsi akarudia polepole. "Na mbona haikumkinga?"

"Ni ya ajali, mzee. Si ya risasi."

"Karani," akasema, wala hakuwa na hasira, na hilo lilinivunja nguvu zaidi. "Mwezi uliopita mlikuja na taa. Leo mmekuja na baruti. Kesho mtakuja na polisi. Semeni tu mnakitaka kiti chenu."

"Hatukitaki."

"Apa."

"Naapa kwa Mungu hatukitaki."

"Huyu anaogopa hata kuku wa jirani," mmoja akasema nyuma yangu. "Ofisi ingekuwa na akili ingetuma mwanaume." Wakacheka. Mwenge ulikuwa unakaribia vidole vyake. Akainama kuushusha.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Najua tu kwamba maneno yalikuwa yamekwisha. Niliingia shimoni, nikakaa juu ya majani.

"Washa basi," nikasema. "Kama ni uongo, utaniunguza makalio tu, nitaruka nje na mtacheka."

Kicheko kilikufa. Chini yangu, chini ya majani na udongo, palibonyea. Palibonyea taratibu kama panavyobonyea mto wa kiti mtu anapokaa. Nilijua nimekaa alipokaa yeye. Nilitaka kuinuka nikashindwa. Sikuwa jasiri, naliandika hili kwa sababu Gaudiosus tangu mchana anasema nilikuwa jasiri. Nilikuwa nasikia tu, "Inama, mwanangu, inama," nami nikainama, nikashika majani kwa mikono miwili.

"Mtoe huyo," mtu akasema. Hakuna aliyenisogelea.

Kisha nikasikia kitambaa kikisuguana na udongo. Anonciata alikuwa ameshuka. Alikusanya kanga yake, akaketi kando yangu bega kwa bega, akatandaza miguu kama mtu aliyefika nyumbani.

"Shemeji," akasema. "Washa."

Mzee Ildefonsi aliusimamisha mwenge mpaka ukamla vidole. Uso wake nilikuwa nauona kwa chini. Kisha akautupa nyuma yake kwenye dimbwi, ukalia na kuzimika. Akaketi palepale ukingoni, mzee mzima, akaufunika uso kwa vidole vilivyoungua.

"Nilitaka aonje pombe yake," akasema. "Basi. Nilitaka aonje."

Tulikaa hivyo watu watatu, mpaka Anonciata akaanza kunitoa majani nyweleni.

Ijumaa, 12 Desemba

Ndizi zimepandishwa darini juu ya meko, kwa Anonciata na kwa majirani wawili. Zitaiva taratibu zaidi, wanasema, lakini zitaiva. Shimo limefukiwa. Maua yamerudishwa yakiwa yamenyauka.

Nina homa.

Jumamosi, 20 Desemba

Matanga yamekwisha. Rubisi ilikuwa changa, tamu mno, wazee wakailalamikia na kuimaliza. Mzee Ildefonsi alimwaga ya kwanza juu ya yale maua. Aliponipa kibuyu alinipa kwa mikono miwili. Bado haamini habari ya baruti. Nimeona machoni pake. Aliacha kuwasha kwa sababu yetu, si kwa sababu ya baruti.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua.

Jumatano, 14 Januari 1998

Melkiory amefika kwa lori la mabomba, barabara ilipofunguka. Sauti ile nzito imo ndani ya mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alipoambiwa habari ya shimo alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Tulikwenda Kiruruma pamoja. Aliomba ruhusa kwa Mzee Ildefonsi kama mtu anayeomba mchumba: alileta sukari, akaketi, akanywa maji, ndipo akasema. Akaahidi hatachukua kitu. Atatoa sumu tu, na kiti kibaki kwao. Mzee akatazama nyuma ya nyumba, akasema, "Mbele yangu."

Wakafukua kwa mikono. Sikutazama kiti. Melkiory aliupasua mshono taratibu kwa wembe, akatoa kitu kidogo kama kopo la dawa, akakichukua mpaka kwenye uwanja wazi, akakizika nusu chini ya jiwe, akavuta waya mrefu mpaka kwenye betri nyuma ya migomba. Akatuambia tuzibe masikio.

Ulikuwa mlio ule ule wa risasi za siku ile. Nilijikuta kifudifudi, mdomo una udongo. Nilipoinua kichwa jiwe halikuwapo pale. Lilikuwa limepiga mgomba upande wa pili, limeupasua, maji yake yanatiririka.

Mzee Ildefonsi aliutazama mgomba. Akalitazama shimo. Kisha akaja, akachuchumaa karibu yangu, akanipangusa udongo mdomoni kwa ncha ya shati lake.

"Mwanangu," akasema. "Ulikaa juu ya hiyo?"

Kiti kimezikwa upya. Mara hii kando ya kaburi. Mzee mwenyewe ndiye aliyechimba.

Ijumaa, 16 Januari

Asubuhi Melkiory alichomeka kwenye ile plagi ya njano kipande kidogo cha umeme, si kikubwa kuliko punje ya mahindi. Alisema kitalijibu gari kila likiuliza kiti kiko wapi. Alisema pia kwamba mfuko wa kwenye usukani sasa uko macho, lakini upande wa dereva ubavuni hakuna kitu tena, kwa hiyo tuendeshe kwa adabu. Kisha akaifuta kumbukumbu ya hitilafu kwa kifaa chake, akapanda lori, akaondoka. Mvua haikunyesha. Ni siku ya pili hainyeshi.

Mchana tulikuwa na safari ya Kyerwa, kwa barabara ile ile. Nilikaa mbele. Gaudiosus akafunga mlango, akageuza ufunguo.

Mtu mwekundu akawaka.

"Mawe, mama yangu!" Gaudiosus akasema. "Si amemtengeneza?"

"Subiri," nikasema. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyokuwa zamani, na hapo hapo nikakumbuka. Niliweka mikono mapajani. Yule mtu aliketi wima na duara lake kifuani, akatutazama kitambo, kisha akazimika.

Mahali pake pakabaki peusi. Nilidhani nitafurahi.

"Ndivyo atakavyokuwa?" Gaudiosus aliuliza kwa sauti ndogo. "Kila tukiwasha?"

"Kila tukiwasha."

Alifikiri. Akazima injini, akakaa vizuri kwenye kile kiti chake cha Kampala, akawasha tena.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Tukamwacha ashuke, ndipo tukaondoka.